Neno Lililomkwama Cirimwami

Katika kanisa letu dogo la Bwiza, mtaa mmoja wa Bujumbura, mahubiri yalikuwa na vinywa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mchungaji Gaspard, Mrundi wa milimani, mzee mwembamba aliyehubiri Kirundi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani yake juu ya ua. Cha pili kilikuwa cha Cirimwami. Wengi wetu tulitoka Kongo, wengine kabla ya uhuru, wengine mbiombio wakati wa vita, na Kirundi tulikijua cha kununulia maharagwe tu. Basi mchungaji alisema sentensi moja, akanyamaza, na Cirimwami akaisema kwa Kiswahili.

Alikuwa hodari. Siku za kazi alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapakiaji kwenye depo moja ya pamba, kule kwenye mtaa wa viwanda karibu na bandari, na kazi ile ilimzoesha kugeuza maneno upesi. Mkubwa wa depo alisema Kifaransa, wabebaji walisikia Kirundi, dereva wa lori Kiswahili, na robota la pamba haliwezi kungoja hewani mpaka watu waelewane. Kanisani alifanya vilevile. Mchungaji akishusha sauti, naye alishusha. Mchungaji akigusa kifua, naye aligusa chake. Wageni waliondoka wakimsifu yeye kuliko mzee.

Ila mkewe Béatrice alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Jumapili moja alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa, na mumewe aliporudi akamuuliza, "Leo pasta alifundisha nini?"

Cirimwami alivua koti, akakaa, akafikiri. "Mufano," akasema.

"Mufano gani?"

Hakukumbuka. Alikuwa ametoka kuusimulia mbele ya watu kwa sauti kubwa, na hakukumbuka hata kama ulikuwa wa kondoo au wa mzabibu. Béatrice alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwa mtu huyu, maana hakikujulikana kwa kumtazama. Ukisimama mlangoni pa ile depo, siku isiyo na ukungu, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na chini yake Uvira. Mwaka wa 1964, waasi walipouteka mji ule, mdogo wake Bahizire alikuwa mwalimu wa shule pale. Waasi walikuwa wakiwatafuta watu waliosoma. Habari iliyofika Bujumbura ilikuwa fupi: Bahizire alichukuliwa nyumbani kwake, hakurudi, na aliyewaonyesha nyumba ni Akilimali, mwalimu mwenzake, mtu aliyekuwa akila naye sahani moja.

Mwili haukuonekana. Mama yao, ambaye Cirimwami alikuwa amemleta Bwiza mapema kuliko vita, alikataa kukaa matanga. "Nitamlilia wapi?" alisema kwa Mashi, lugha ya kwao. "Nionyesheni alipolala kwanza." Majirani waliokuja kumpa pole walipewa chai na kushukuriwa kana kwamba walikuja kwa shughuli nyingine. Miaka ikapita hivyo. Mama hakunyoa nywele kama wanavyofanya waliofiwa, wala hakumtaja mwanawe. Na Cirimwami hakuwahi kuvuka tena, ingawa si mbali.

Mwaka wa 1967, wakati wa kiangazi, alimwona Akilimali penye bomba la maji hapo hapo Bwiza. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia mabegani, ameinama akijaza madebe mawili. Cirimwami alisimama nyuma ya ukuta mpaka yule mtu akaweka begani mti wa kubebea madebe na kuondoka, kisha akamfuata kwa mbali. Madebe yaliingia kwa Zubeda, mama Mwislamu wa siku nyingi mjini, aliyekuwa akipika wali na maharagwe na kuwauzia wafanyakazi.

Cirimwami aliagiza chakula asichokuwa na njaa nacho. "Mama Zubeda, huyu anayekuletea maji ni nani?"

"Akilimali. Alitoka ng'ambo. Anakohoa sana, masikini, lakini kazi anafanya."

"Anakaa wapi?"

"Apa kwangu, mu kibanda ya kuni. Unamujua?"

"Apana," akasema Cirimwami.

Nyakati zile serikali ya Burundi haikutaka tena kusikia habari za waasi wa Kongo. Aliyetambuliwa alichukuliwa na kurudishwa mpakani, na kilichomngoja upande wa pili kila mtu alikijua. Pale depo palikuwa na dereva wa lori aliyeitwa Rachidi, mtu mcheshi, ambaye shemeji yake alikuwa mtu wa usalama. Jumamosi, kazi ilipokwisha, Cirimwami alimvuta kando akamwambia kwamba anamfahamu mwasi mmoja anayejificha mjini.

"Usiniambie sasa," Rachidi alisema. "Jumatatu asubuhi, mbele ya kuanza kazi, tutapita kwa shemeji pamoja. We utasema jina na fasi anakaa, basi."

Nyumbani hakusema neno, wala kwa mkewe wala kwa mama. Alilala usingizi mzito, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu habari ile ya Uvira.

Mchungaji Gaspard alikuwa na desturi ya kuifuata Injili kama mtu anayepalilia shamba, tuta kwa tuta, bila kuruka. Wakati ule alikuwa kwenye mifano ya Bwana katika Mathayo. Jumapili iliyotangulia ulikuwa mfano wa mpanzi na mbegu zake, na Cirimwami aliutafsiri vizuri sana, watu walimsifu. Jumapili hii ulifuata mfano wa magugu.

"Mtu alipanda mbegu njema," alisema mchungaji, na Cirimwami akasema. "Usiku watu wamelala, adui akaja akapanda magugu katikati." Akasema. "Ninyi mliolima mpunga kwenye bonde la Rusizi mnayajua magugu ya namna hiyo. Jani lake ni kama la mpunga, shina lake ni kama la mpunga, na chini ya matope mizizi imeshikana." Watu waliguna wakikubali, maana ni kweli. "Watumishi wakamwendea mwenye shamba wakamwambia, Bwana, unataka twende tukayang'oe?"

Hapo nilimwona Cirimwami akiegemea mbele kidogo. Alitafsiri, na sauti yake ilikuwa na nguvu, kama ya mtu anayeuliza kwa ajili yake mwenyewe.

"Mwenye shamba akawaambia, hapana. Msije mkang'oa na mpunga pia. Acheni vikue pamoja mpaka mavuno."

Mchungaji alinyamaza, akingoja. Cirimwami naye alinyamaza. Tulidhani anatafuta neno. Mchungaji akarudia sentensi ile ile, polepole, akifikiri hakusikika vizuri. Cirimwami alikuwa amemkazia macho mzee, mdomo wazi, na jasho limeanza kumtoka. Mwanamke mmoja wa benchi la mbele, Odette, muuza dagaa, akasema kwa upole, "Endelea, papa."

"Mwenye shamba," alisema Cirimwami, "akaniambia, apana."

Ni silabi moja tu aliyokosea, na wengi hawakuisikia. Alipaswa kusema akawaambia. Béatrice aliisikia, akageuza uso kumtazama mumewe. Yeye mwenyewe hakujisahihisha. Alimaliza mahubiri yaliyobaki kwa sauti iliyokauka, maneno yakianguka vipande vipande, na baadhi ya watu walisema mlangoni kwamba labda ana malaria.

Kwa kawaida alikuwa wa kwanza kutoka, akisalimiana na watu. Siku ile alimwambia Béatrice atangulie. Mchungaji alikuwa akifunga madirisha, moja baada ya jingine, na aligeuka akamkuta bado amesimama kando ya mimbari.

"Umesahau kitu?" alimuuliza kwa Kirundi.

"Nataka kuuliza."

Mzee aliacha madirisha, akaja akakaa kwenye benchi. "Miaka yote hii," alisema, "hujawahi kuniuliza neno."

"Nilikuwa na kazi ya kusema."

"Najua. Bwana alipotoa mifano, wengi walirudi nyumbani wakasimuliana hadithi nzuri. Wachache walimfuata ndani wakamwambia, tueleze. Si kwamba hao walikuwa na akili zaidi. Walitaka tu. Uliza."

Cirimwami alimweleza yote: Bahizire, Akilimali, bomba la maji, Rachidi, na kesho asubuhi. Alieleza akiwa amesimama. Mwishoni akasema, "Sasa niambie, pasta. Mtu yule ni magugu au si magugu? Alimuuza ndugu yangu."

"Inawezekana ni magugu."

"Basi?"

"Basi shamba ni lako?"

Cirimwami alikasirika. Alisema ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajauliwa ndugu, na kwamba kama Mungu anangoja mavuno, yeye ana mama mzee ambaye hana muda wa kungoja. Mchungaji hakumkatiza.

"Sikuambii umpende," alisema hatimaye. "Sikuambii hata umsamehe leo. Hilo sina uwezo wa kukupa. Ila wewe umesikia mfano huu vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa humu ndani, nimeona usoni pako. Ungeweza kutosikia. Ungeusema tu, kama siku zote, kisha ungeenda zako. Sasa umeshausikia, na utakachofanya kesho utakifanya ukiwa mtu aliyesikia."

Akasimama, akaenda kufunga dirisha lililobaki.

Jumatatu Rachidi alikuwa mbele ya geti la depo, lori likinguruma. "Panda, twende," alisema.

"Siendi," Cirimwami alijibu. "Sina jina ya kukupa."

"Juzi ulikuwa nayo."

"Leo sina."

Rachidi alimtazama, ucheshi umemtoka. "Kapita, mambo kama haya mutu hachezei. Kama kuko mutu anajificha, sisi tutamupata tu. Bwiza si kubwa." Akaondoa lori.

Cirimwami alipakiza marobota siku nzima akiyafikiria maneno hayo. Alikuwa ameamua asing'oe, na sasa alitambua kwamba haitoshi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwonyesha mwingine kwamba kuna kitu cha kung'oa. Kazi ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Zubeda, akapita jikoni, akaingia uani.

Akilimali alikuwa akipasua kuni. Aliinua macho, akamtambua, akaweka shoka chini taratibu, mbali na mkono wake.

"Yaya," alisema. Ndivyo Bahizire alivyokuwa akimwita kaka yake mkubwa, na Akilimali alilizoea jina hilo tangu wakiwa vijana. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Nilikuona siku ile ku bomba. Nilijua utakuja na watu."

"Kwa nini hukukimbia?"

Akilimali alikohoa mpaka akainama. "Nimechoka kukimbia."

Cirimwami alitaka kukaa lakini hakukaa. "Ni we ulionyesha nyumba?"

"Ni mi." Alisema bila kungoja. "Walinikamata njiani. Waliniuliza nani mu mutaa ile anajua kusoma na kuandika. Nilitaja yeye ili wasione kama na mi najua kusoma. Walinipeleka mpaka ku mulango, wakamutoa inje. Halafu wakamuuliza yeye vilevile: nani mwingine anajua kusoma? Mi nilikuwa nasimama pale pale, yaya. Alinitazama. Akasema hajui mutu."

Kuku alipita kati yao akichakura maganda ya kuni. Cirimwami aliona shoka lilipolala na alijua pia kwamba Akilimali anaona anachokitazama. Hakuna aliyesogea.

"Alikufa wapi?"

"Ng'ambo ya muto Mulongwe, pale kuko mikaratusi. Waliondoka wakamuacha. Nilirudi asubuhi na jembe. Nilimuzika mi mwenyewe, karibu na jiwe kubwa jeupe. Ukifika pale utaliona."

Cirimwami alikaa juu ya gogo. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana, au atakayelia na kuomba. Hakuwa amejiandaa kwa jiwe jeupe. Hasira yake ilikuwa palepale, haikupungua hata tone, ila sasa ndani yake palikuwa na ndugu yake amesimama mlangoni, anakataa kutaja jina.

Aliposema tena, alisema mambo ya kazi tu, kama kapita. "Kuko watu wanaweza kukutafuta apa. Ni makosa yangu. Kesho asubuhi nitakupeleka Gasenyi, inje ya muji. Pasta Gaspard ana ndugu yake uko, anachoma matofali. Usiseme kwa mutu."

"Unanipeleka kweli Gasenyi?"

"Kama ningetaka kukupeleka fasi ingine, haungekuwa apa sasa."

Walikwenda alfajiri, kwa miguu, Cirimwami mbele, Akilimali nyuma na kifurushi chake. Hawakuzungumza njia nzima. Yule ndugu wa mchungaji aliwapa uji. Akilimali alipewa mahali pa kulala karibu na tanuri, penye joto, jambo lililofaa kifua chake. Baada ya siku chache watu wawili walifika kwa Zubeda wakiuliza, naye akawaambia kwamba mchota maji wake alikuwa amekwenda zake, wasafiri ndivyo walivyo, na je, wangependa wali.

Ikabaki kumwambia mama. Cirimwami alimweleza akiwa amekaa kwenye mkeka miguuni pake, na Béatrice mlangoni. Hakumficha kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipofika penye mikaratusi na jiwe, mama aliuliza, "Nani alimzika?"

"Akilimali."

Mama akamwinamia. "Alimfumba macho?"

Cirimwami hakujua. Hakuwa ameuliza.

"Nenda ukamuulize," mama alisema.

Ndivyo alivyorudi Gasenyi, safari ambayo kwa hiari yake asingeifanya. Alimkuta Akilimali akipanga matofali mabichi, akamuuliza kama alivyotumwa. Akilimali alitazama pembeni. Alisema ndiyo, alimfumba macho, na kwamba alimfunika kwa koti lake mwenyewe kabla ya kurudisha udongo, kwa sababu hakuweza kumtupia udongo usoni. Cirimwami alimletea mama jibu hilo neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Mama aliomba wembe. Béatrice alimnyoa uani, mchana, na tulipoliona jambo hilo tulijua kwamba sasa tunaweza kuja. Tulikaa matanga ya Bahizire miaka mitatu baada ya kifo chake. Zubeda alileta masufuria ya wali na hakutaka kusikia habari ya malipo. Mama alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, akimwita mwanawe kwa majina ya utotoni ambayo hata Cirimwami alikuwa ameyasahau. Watu walihama mikeka yao jua lilivyohama, wakakaa naye.

Msidhani kwamba wale wawili walikuja kuwa marafiki. Cirimwami hakwenda Gasenyi tena kwa matembezi. Akilimali aliishi kule kwenye matofali mpaka kifua kilipomshinda, na alipozikwa Cirimwami alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alibeba pembe yake mpaka kaburini, akatupa udongo, akaosha mikono, akarudi kazini. Béatrice alimuuliza kama moyo wake umetulia. Alijibu kwamba kuna siku umetulia, kuna siku haujatulia, na kwamba yeye hauchunguzi tena sana.

Kilichobadilika tulikiona kanisani. Alianza kutafsiri polepole. Mara nyingine alimgeukia mzee katikati ya mahubiri, akamuuliza jambo kwa Kirundi, na sisi tukangoja huku wao wawili wakinong'onezana. Wengine walinung'unika kwamba mkalimani ameharibika. Baada ya ibada alibaki, na taratibu wengine wakaanza kubaki naye, Odette na mume wake, kisha vijana wa depo. Walikaa kwenye mabenchi ya mbele na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza kwa sauti.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mwezi wa tano mchungaji Gaspard aliitwa, mchana, na watu waliokuja na gari. Alitoka na koti lake na hakurudi. Wengi waliitwa hivyo mwaka ule wa mauaji, na hakuna aliyethubutu kuuliza walipelekwa wapi.

Jumapili iliyofuata sikutarajia kukuta mtu kanisani, lakini mlango ulikuwa wazi. Tulikuwa wachache. Nyuma walikaa wanawake Warundi watatu ambao sikuwafahamu, wake za watu walioitwa, wamejifunika vitambaa vyao mpaka kichwani. Cirimwami alikuwa kando ya mimbari, mahali pake. Tuliimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Kisha ukafika wakati wa neno, na kila mtu aliitazama mimbari tupu, Cirimwami pia.

Halafu alisogea, hatua moja tu, akafungua Biblia mahali mzee alipokuwa ameishia juma lililotangulia. Alisoma mstari wa kwanza kwa Kiswahili. Alipofika kwenye nukta aliinua macho akawaona wale wanawake watatu nyuma, wanasubiri. Akavuta pumzi, akausema mstari uleule kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani. Mmoja wa wale wanawake akateremsha kitambaa kutoka kichwani ili asikie vizuri.